Mwacheni Kijana Apige Wimbo

Ukutani mwa nyumba ya marehemu dada yangu, pale Ipinda wilayani Kyela, lilitundikwa gitaa mwaka 1998, na kwa zaidi ya miaka 25 halikuguswa na mtu. Nyuzi tatu zilikatika zenyewe. Tatu zilizobaki ziliota kutu, kwa maana Kyela ni nchi ya mvua na hewa ya ziwa, na chuma huku hakidumu. Kila nilipokwenda kuwasalimu wapwa zangu nililiona, na kila nilipoliona nilisutwa na dhamiri. Aliyelinyamazisha gitaa lile ni mimi. Nililinyamazisha kwa kumfundisha mwenye gitaa vibaya, huku nikiwa na jeuri ya kudhani kwamba namfundisha vizuri kuliko wote.

Najua msomaji ataniuliza: gitaa ni jambo gani hata mwalimu mstaafu akae kitako kuliandikia? Watu wanahangaika na bei ya kakao, mito inafurika na kuingia mashambani, nawe unaleta habari za nyuzi sita! Nakubali. Lakini ninalotaka kulisema halihusu gitaa peke yake. Linahusu namna sisi watu wazima tunavyompokea mtoto aliyekuja mwenyewe, kwa miguu yake, kuomba kujifunza kitu anachokipenda. Mara nyingi kazi yetu ya kwanza ni kumwondolea lile pendo lililomleta.

Mimi mwenyewe nilianza mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Gitaa langu lilikuwa galoni la chuma la mafuta ya kula, lililopigiliwa ubao uwe shingo. Lilikuwa na nyuzi nne. Mbili nene nilizichambua kutoka waya wa breki ya baiskeli, na mbili nyembamba zilikuwa mshipi wa nailoni niliopewa na wavuvi wa Matema. Mwalimu wangu alikuwa redio ya jirani, iliyofunguliwa kwa sauti kubwa kila Radio Tanzania Dar es Salaam ilipotoa vipindi vya muziki. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe lilipolia nilikimbia hadi chini ya dirisha, nikasikiliza, kisha nikakimbia nyumbani kabla sijasahau. Nilitafuta sauti moja moja juu ya uzi mmoja. Nilikosea sana, lakini wimbo ulikuwa kichwani na masikio yaliniambia nimekosea wapi. Masika hayajaisha nilikuwa na nyimbo tatu. Nilizipiga ovyo, lakini watoto wenzangu walizicheza, na akina mama waliokuwa wakitwanga mpunga walisimamisha mchi wakacheka na kusema, "Ndaga fijo, endelea!" Hakuna aliyeniambia maana ya skeli.

Mwaka 1983 nilikwenda kusomea ualimu katika chuo kimoja cha nyanda za juu. Chuoni palikuwa na mkufunzi aliyefundisha gitaa nje ya ratiba, nasi tukajiandikisha wanafunzi kumi na wawili. Alikuwa mtu hodari, mwenye kitabu kilichochapwa Ulaya na magitaa matatu mazuri. Siku ya kwanza alitupa sheria yake: wimbo ni zawadi, na zawadi hutolewa mwisho. Tukaanza skeli. Wiki ya pili skeli, mwezi wa pili skeli, tukipanda na kushuka kama mtu anayepanda ngazi isiyofika dari. Aliyeonekana akipiga kiitikio cha wimbo wa dansi pembeni alinyang'anywa gitaa siku hiyo. Ilipofika Pasaka tulibaki watatu.

Mkufunzi alisema wale tisa hawakuwa na kipaji, nami nikamwamini, kwa sababu mimi nilikuwa miongoni mwa waliobaki na maneno yale yalinipendeza. Ilinichukua miaka mingi kuliona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu. Sisi watatu tuliobaki sote tulikuja chuoni tukiwa na nyimbo tayari. Mmoja alikuwa amepigia kwaya ya kwao, mwingine alikuwa na kaka mpiga dansi, na mimi nilikuwa na galoni langu. Skeli za mkufunzi zilitufaa kwa sababu zilikuwa na mahali pa kwenda. Kila jioni, akishalala, tulizichukua tukazitia ndani ya nyimbo zetu. Wale tisa hawakuwa na nyimbo za kuzitia skeli zao. Walipewa chumvi wasipewe chakula, kisha wakalaumiwa kwamba hawana hamu ya kula.

Sasa sikiliza nilivyoshindwa kujifunza kutokana na hayo. Mwaka 1996, nikiwa mwalimu huku Kyela, nilianzisha darasa la gitaa kwa vijana wa kanisani. Nilikuwa na gitaa langu, na dada yangu aliuza magunia mawili ya mpunga akamnunulia mwanawe gitaa la mtumba kutoka Mbeya. Kijana alikuwa na miaka kumi na mitano, mtiifu, asiyejua kumbishia mjomba wake. Nikamkabidhi sheria ileile niliyokabidhiwa mimi: hakuna wimbo mpaka umalize kitabu. Wenzake walitoroka mmoja mmoja. Yeye hakutoroka. Kwa mwaka mmoja na nusu alifanya yote niliyomwagiza. Alijua skeli ya C, ya G, ya D na ya A, kupanda na kushuka, mahali pawili tofauti shingoni. Vidole vyake vilikuwa safi kuliko vyangu. Nilijivuna kwa watu.

Mwaka 1998 dada yangu akafariki. Usiku wa matanga wanawake walikaa chini wakiimba, kama desturi yetu ilivyo, na karibu na alfajiri mama mmoja akaanzisha wimbo ambao marehemu alikuwa akiuimba jikoni na shambani. Aliuanzia palepale sauti yake ilipomtuma, si katika C wala si katika G. Watu wakamgeukia kijana. Mmoja akamletea gitaa, akamwambia, "Mpigie mama yako." Akalipokea, akaliweka pajani, akagusa uzi mmoja, akagusa mwingine. Wimbo ulikuwa unaendelea. Nikaona midomo yake inatetemeka. Kisha akalilaza gitaa mkekani taratibu, akaniinamia sikioni, akasema, "Mjomba, mimi sijui wimbo wowote."

Kulipokucha alilitundika ukutani.

Tangu siku ile nimekuwa na ugomvi, kwanza na nafsi yangu, kisha na walimu wote wa muziki wanaoshika ile sheria niliyoishika. Nasema waziwazi: zoezi lisilotoka ndani ya wimbo, na kurudi ndani ya wimbo siku hiyohiyo, ni adhabu kwa mwanafunzi anayeanza. Si haki kumpa mtoto adhabu na kuiita elimu.

Nisikilize kwanza upande wa pili, nisije nikashitakiwa kwa upendeleo. Watetezi wa mazoezi wana mashahidi wakubwa. Mhispania Andrés Segovia, aliyeishi kati ya 1893 na 1987 na kulifikisha gitaa katika kumbi kubwa za dunia, alichapisha kitabu cha skeli mwaka 1953, na katika dibaji yake alizisifu skeli na kutaja saa mbili za kuzifanyia mazoezi kila siku. Aidha, mwaka 1993 mtaalamu wa saikolojia Anders Ericsson na wenzake walitangaza utafiti wao juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Waliona kwamba walio bora kabisa ndio waliokuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao tangu utotoni. Sina ubishi na ushahidi huo. Mazoezi ndiyo yanayomtenganisha fundi na mbabaishaji.

Lakini hebu tuulize: wapiga fidla wale walikuwa nani? Walikuwa watu waliokwisha kuufanya muziki kazi ya maisha yao, waliofika chuoni baada ya miaka mingi ya kupiga nyimbo. Na Segovia? Yeye mwenyewe alijivunia kwamba gitaa alijifundisha. Pendo lilitangulia, skeli zikafuata. Mwalimu anayechukua kanuni ya mtu aliyefika na kumpa mtoto ambaye hajaanza safari, anafanana na mzazi anayemtwisha mtoto wa miaka mitano jembe la baba yake kwa sababu baba yake ni mkulima hodari.

Nami nina shahidi wangu. Mwaka 1985 Mmarekani Benjamin Bloom alitoa kitabu juu ya watu 120 waliofikia vilele katika fani zao: wapiga piano, wachongaji sanamu, waogeleaji, wacheza tenisi, wanahisabati na wanasayansi. Yeye na wenzake waliwauliza watu hao na wazazi wao habari za miaka ya mwanzo. Kwa wapiga piano, mwalimu wa kwanza mara nyingi hakuwa bingwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye furaha, aliyemfanya mtoto apende kurudi wiki ijayo. Mwalimu mkali wa ufundi alikuja baadaye, na alimkuta mtoto amekwisha kuwa na njaa ya muziki. Basi nawauliza wenzangu: ikiwa hao waliofika kileleni walianza kwa raha, sisi tunaofundisha kijana wa Ipinda ili awapigie watu wake kanisani na msibani, tumepata wapi ruhusa ya kuanza na ukali?

Isitoshe, jibu tulikuwa nalo nyumbani siku zote. Wamisionari Wamoravian na Walutheri walifika Unyakyusa mwaka 1891, na baada yao kwaya zimekuwa sehemu ya maisha yetu. Tazama kwaya yoyote ya Kyela inavyojifunza wimbo mpya. Mwalimu anaandika ubaoni do, re, mi kwa sauti nne, utaratibu uliotengenezwa Uingereza katika karne ya 19. Sauti ya kwanza wanaimba zao, kisha ya pili, ya tatu na ya nne. Mahali penye mruko mgumu anawasimamisha, anawarudisha mara tano, mara kumi. Hilo ni zoezi halisi, tena kali. Lakini kabla watu hawajatawanyika siku hiyo maneno yanatiwa juu ya sauti, na kila mtu anakwenda nyumbani akiwa na walau ubeti mmoja mdomoni. Nani amewahi kuona kwaya iliyoimba do, re, mi mwaka mzima bila wimbo? Wangebaki na mwalimu peke yake na ubao wake. Basi ni uchawi gani unaotufanya tukishika gitaa tusahau tulilolijua tangu utotoni?

Ng'ambo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone, kuna kijiji cha Ikombe, na vyungu vya wanawake wa Kikisi wa huko hufika soko la Matema kwa mitumbwi. Nilikaa siku moja nikimtazama bibi mmoja akifanya kazi na mjukuu wake ubavuni. Mtoto alipewa udongo kidogo afinyange chungu kidogo. Kilipinda, akarekebishwa mkono, akafinyanga tena. Hakuambiwa aviringishe udongo mwaka mzima pasipo kufinyanga chungu.

Mtu wa skeli atasema gitaa ni tofauti, vidole vina mambo yake. Vema, twende kwenye vidole. Mwaka 1812 huko Vienna Mwitaliano Mauro Giuliani alichapisha mazoezi 120 ya mkono wa kulia, namna 120 za kudonoa nyuzi. Mazoezi hayo yanatumiwa mpaka leo, na yote yamejengwa juu ya kodi mbili tu: C na G saba. Ajabu ni kwamba ukiongeza F juu ya hizo mbili umepata kodi zinazotosha kupigia nyimbo nyingi mno za kanisani na za mitaani tunazozijua. Kwa hiyo mwanafunzi hana sababu ya kudonoa kodi hizo kavukavu. Achague mdonoo mmoja miongoni mwa ile 120, autie katika wimbo wa mama yake, naye atakuwa amefanya zoezi la Giuliani huku nyumba nzima ikiimba.

Tena sisi wasemaji wa Kiswahili tuna vitabu vyetu visivyoandikwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, akipiga wimbo wake uitwao Masanga. Bosco alitumia kidole gumba na cha shahada tu katika mkono wa kulia, lakini msikilizaji anaapa kwamba ni watu wawili. Mwaka 1961 mtaalamu David Rycroft alianza kuchapisha maandishi ya noti za upigaji wake, kwa jinsi ulivyowashangaza wasomi. Anayetaka kidole gumba kishike mwendo wake na cha shahada kishike wake, amekutana na zoezi gumu kuliko mengi ya kwenye kitabu, na zoezi lenyewe ni wimbo.

Sasa niwageukie vijana, maana nao wana kesi ya kujibu. Baada ya msiba ule, kwa majuto, nilikwenda upande wa pili kabisa. Nikawaacha vijana wapige wanachotaka, wanavyotaka. Matokeo niliyaona. Kijana anajua nyimbo kumi, zote katika C. Kodi ya F yenye kubana nyuzi zote anaikwepa kama nyoka, anaishika nusu na kuacha nyuzi mbili zikikoroma. Wimbo ukianzishwa juu kidogo, anafunga penseli na mpira shingoni mwa gitaa. Ukianzishwa chini, anaomba waimbaji wasubiri. Gitaa lake halikubaliani na la mwenzake kwa sababu hakujifunza kulinganisha nyuzi. Miaka mitano baadaye anapiga nyimbo zilezile kumi kwa makosa yaleyale, nayo yameganda vidoleni. Kisha anachoka, kwa sababu nyimbo zinazompendeza sasa zimempita uwezo. Huyu naye gitaa lake litatundikwa ukutani, ingawa kwa njia nyingine.

Mpime huyu kwa kipimo cha usiku ule wa matanga. Mama akianzisha wimbo popote sauti yake inapomtuma, kijana wa nyimbo kumi naye angeshindwa. Angeujua wimbo, lakini asingeweza kuufuata ulikokwenda. Mpwa wangu aliweza kufika popote shingoni, lakini hakuwa na wimbo. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kitu. Wanaosema mazoezi kwanza na wanaosema raha tu wamefanya kosa moja: wametenga vitu viwili vinavyoishi pamoja, kisha wakagombana ni kipi kitangulie.

Vijana wetu si wanafunzi wa chuo cha Berlin. Kijana wa Kyela anatoka shambani au shuleni, anachota maji, anakula, ndipo anashika gitaa. Ana nusu saa, pengine pungufu. Akiambiwa nusu saa hiyo yote ni skeli kwa mwaka mzima, ataiona kuwa ni shamba jingine la kulima, na mavuno hayaoni. Nusu saa hiyo igawanywe hivi. Dakika tano za kwanza alinganishe nyuzi kwa sikio lake, bila haraka, maana hilo nalo ni somo. Dakika kumi achukue mahali pamoja tu panapomshinda katika wimbo anaojifunza, labda pale C inapogeuka kuwa F. Apapige polepole sana mara nyingi, na aongeze mwendo pale tu vidole vinapotii. Dakika kumi apige wimbo mzima toka mwanzo mpaka mwisho pasipo kusimama, hata akikosea, kwa sababu waimbaji hawatamsubiri. Dakika tano za mwisho apige wimbo wa zamani anaoujua vizuri, kwa kujifurahisha, ili alale akiwa na hamu ya kesho.

Na skeli? Hatuzitupi. Mwambie achukue tuni ya wimbo anaoupenda na kuipiga uzi kwa uzi, sauti ya kwanza kama ilivyo kwenye kwaya. Akiiweza katika C, aihamishie G. Akiiweza katika G, aihamishie D. Atakayepiga tuni moja katika funguo tatu amejifunza skeli tatu, na juu ya hayo masikio yake yamejua kila sauti inakaa wapi. Siku mama mmoja atakapoanzisha wimbo alfajiri mahali asipopategemea, vidole vyake vitamtafuta na kumpata.

Nimeambiwa na mwalimu mwenzangu kwamba hivi ni kuwadekeza watoto, kwamba ugumu hujenga tabia. Namjibu hivi. Kuhamisha tuni kutoka C kwenda G ni kugumu kuliko kupanda skeli ya C kwa mara ya mia. Kubadili kodi bila kusimamisha wimbo ni kugumu kuliko kushika kodi moja na kuiangalia. Sijaondoa ugumu wowote. Nimempa mtoto sababu ya kuuvumilia. Mwalimu anayeogopa kwamba mwanafunzi akifurahi hatajifunza, ajichunguze: huenda anachokilinda ni cheo chake na wala si muziki.

Tena wakati hautusubiri. Siku hizi kinanda cha umeme kina mapigo yaliyotiwa tayari kiwandani. Mtu anabonyeza kitufe, ngoma, besi na gitaa vinalia vyenyewe. Simu nayo inapiga wimbo wowote duniani. Siwalaumu wanaovitumia. Lakini kinanda chenye mapigo ya kiwandani hakimfuati mama anayelia anapochelewesha neno moja kwa sababu ya kwikwi. Mtu ndiye anayeweza kumfuata, na mtu huyo hapatikani dukani. Anafundishwa, na tukiendelea kuwafukuza wanafunzi wetu katika miezi mitatu ya mwanzo, tusishangae misiba yetu ikiimbiwa na kitufe.

Mwaka jana nilimpelekea mpwa wangu seti mpya ya nyuzi. Sasa ni mtu mzima, ana shamba la kakao na watoto wanne. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga, mjomba," akaziweka kabatini. Sikusema neno, maana sina haki ya kumdai. Lakini binti yake wa miaka tisa alikuwa akitutazama. Baba yake alipotoka akaniuliza, "Babu, hili linapigwaje?" Nikaomba ruhusa, nikalishusha gitaa, nikalifuta vumbi, nikalitia nyuzi mpya. Shingo ilikuwa imepinda kidogo, lakini karibu na kichwa bado ilifaa. Nikamwonyesha kiitikio cha wimbo wa bibi yake juu ya uzi mmoja, sauti tano tu. Kabla jua halijatua alikuwa anakipiga, huku akiimba.

Kesho yake asubuhi alinijia na vidole vyekundu. Akaniuliza kwa nini sauti ya tatu inakoroma wakati yangu inalia safi. Hapo ndipo nilipomfundisha kuweka ncha ya kidole karibu na kipande cha chuma, na kubonyeza wima, mara ishirini polepole. Alifanya mara ishirini, akaongeza ishirini nyingine bila kuambiwa. Zoezi alilitaka mwenyewe, kwa kuwa wimbo ulikuwa unamdai. Baba yake alikuwa nje akianika kakao. Hakuingia ndani, lakini niliona mikono yake imesimama.

Ndugu zangu walimu, mtoto akija kwenu na gitaa, muulizeni swali moja kabla ya yote: unaupenda wimbo gani? Anzeni hapo. Mengine yote mliyo nayo, skeli, midonoo, funguo na mwendo, yatapata nafasi yake, na mtayafundisha kwa ukali mnaoutaka. Lakini asilale siku ya kwanza bila wimbo.